Hewa ukaa ihesabiwe hadi kwenye ekzosi

Ndugu Mhariri,

Kampuni ya mafuta ikitangaza kwamba imepunguza gesijoto, swali la kwanza ni: imepunguza wapi? Kisimani, au kwenye ekzosi ya mteja?

Kazi ya kisimani ipo, nayo ni ya kweli. Equinor ya Norwei, tunayoijua kwa gesi ya baharini Lindi, ilianza kurudisha hewa ukaa ardhini huko Sleipner, eneo la gesi baharini Norwei, mwaka 1996, enzi hizo ikiitwa Statoil. Gesi ya pale ina hewa ukaa kama asilimia 9, ilhali soko linataka isizidi 2.5. Huoshwa kwa kemikali ya amini, kisha hewa ukaa iliyotolewa husukumwa kwenye mwamba wa mchanga uliojaa maji ya chumvi, zaidi ya mita 800 chini ya sakafu ya bahari. Kodi ya hewa ukaa ya mwaka 1991 ndiyo iliyofanya kazi hiyo ilipe.

Lakini ardhi ina tabia zake. Huko Snøhvit, eneo jingine la gesi la Norwei, walianza kusukuma hewa ukaa mwaka 2008, presha ya mwamba ikapanda haraka kuliko walivyotarajia, na mwaka 2011 wakalazimika kuhamia tabaka jingine.

Methani, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya gesi asilia, ni rahisi zaidi kuidhibiti, na inauma zaidi: kwa miaka 20, kilo moja hupasha joto zaidi ya mara 80 ya kilo ya hewa ukaa. Huvujia kwenye paking za valvu, gasketi zilizochoka na mifuniko ya matangi. Mwenge wa gesi, yaani moto wa kuteketeza gesi ya ziada, nao ukizimwa na upepo, gesi hutoka mbichi bila mtu kuiona, maana haina rangi. Kamera ya infraredi huionyesha. Fundi hukaza boliti au hubadili gasketi, kisha lazima apime tena.

Sehemu kubwa kabisa, hata hivyo, hutoka mafuta yanapochomwa. Lita ya dizeli hutoa kama kilo 2.7 za hewa ukaa. Lori linalokula lita 40 kwa kilomita 100, likitoka Dar es Salaam hadi Arusha, kilomita 650 hivi, linaacha njiani karibu kilo 700. Takwimu za kampuni za "kwa kila pipa lililochimbwa" hazigusi kilo hizo, na ndiyo maana zinaweza kushuka huku jumla ikipanda.

Kabla mtambo wa kuchakata gesi Lindi haujajengwa, tunaomba mkataba useme wazi: methani ipimwe kwa vifaa, isikadiriwe mezani; takwimu zitolewe kila mwaka kwa Kiswahili; na hewa ukaa ya gesi itakayouzwa nje iandikwe kwenye ukurasa huohuo.

Wasomaji wenu, wahandisi wa nishati,
Njiro, Arusha