Wahariri wa maandishi ya kitaalamu wapimwe kwa kazi yenyewe

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie uajiri wa waandishi na wahariri wa maandishi ya kitaalamu, kwani wengi huchaguliwa kwa ufasaha wa lugha pekee, ilhali mwongozo wa dawa ukiandikwa miligramu mahali pa maikrogramu, kipimo huzidi mara 1,000 na sentensi ikabaki sanifu kabisa. Kosa la namna hiyo halionekani kwa jicho la sarufi. Mwajiri ampe mwombaji andiko fupi lililotiwa makosa ya kisayansi kwa makusudi, amlipe kwa jaribio hilo, kisha atazame maswali anayouliza. Binafsi namwamini zaidi anayeuliza kuliko anayesahihisha kimyakimya. Nakala ya mwisho nayo isomwe na mtaalamu wa fani husika kabla ya kuchapwa.

Msomaji wako