Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Utafiti: kuna mtu anasoma majibu ya wagonjwa kweli?

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Shikamoo, na pole na majukumu. Njia za kawaida nimeshazimaliza, kila imeili inajibiwa na mashine kwamba "ujumbe wako umepokelewa", basi acha niandike hapa watu wote wasome.

Juzi mama yangu, mgonjwa wa kisukari wa miaka mingi, alitumiwa linki ajaze fomu ya kuchuja wagonjwa wa jaribio la dawa. Akafika kwenye swali: umelazwa hospitali ndani ya miezi 6 iliyopita? Ndiyo au hapana, basi. Akabonyeza ndiyo maana ni kweli, alilala usiku mmoja tu baada ya operesheni ya mtoto wa jicho, ila pa kueleza hapo hapakuwepo. Hapohapo yakatokea maandishi mekundu: "Hukidhi vigezo. Asante kwa muda wako." Mama akaniuliza, sasa daktari kaisoma saa ngapi?

Mimi sina jibu, labda wewe unalo.

Nadhani swali lile lilikusudiwa wenye moyo au figo zilizozidiwa, na hao sawa, wazuiwe, hakuna anayetaka mama yake apewe dawa ya kummaliza. Vigezo sivikatai. Ila nesi angeuliza tu "ulilazwa kwa nini mama?" na ingeisha. Au labda mfumo wenu wa kompyuta wa kuchuja umevuta kipimo cha zamani cha kreatinini (kile cha damu kinachoonyesha figo zinavyofanya kazi), cha kipindi kile alichoharisha mpaka akaishiwa maji, maana hapo lazima kipande, na baadaye kilishuka. Nabahatisha, ndiyo, kwa sababu hamsemi!

Na msiniambie kompyuta haikosei. 2019 watafiti Marekani walionyesha programu moja ya hospitali ilikuwa inapima ugonjwa wa mtu kwa gharama za matibabu yake, na kwa kuwa kutibu wagonjwa weusi kulikuwa kunatumika pesa kidogo, ikawaona wana nafuu kumbe wanaumwa zaidi. Hapo hakuna aliyekusudia ubaya, walichagua tu kipimo kibovu. Sasa kwenu nani anakagua? Wazee wangapi wametupwa na swali moja la ndiyo au hapana? Halafu dawa ikishatoka, wazee haohao ndo watakaoandikiwa.

Siku ya uzinduzi ulishika maiki ukasema mfumo utamsaidia nesi, hautachukua nafasi yake. Tulipiga makofi. Huyo nesi yuko wapi?

Sidai mama aingizwe kwa nguvu. Naomba mtu, binadamu, apitie kila aliyekataliwa na amwambie sababu kwa maneno ya kueleweka, na namba mliyoweka chini ya fomu ipokelewe, inaita tu mpaka inakata. Fomu ya mama mnayo na namba yake ya simu imo humo. Mpigieni, muulizeni alilazwa kwa nini.

Wako,
Binti wa mgonjwa mliyemchuja