Kwa watoto 17 wa Mama, na nimesema 17

Wanangu,

Nilitaka niwapigie simu mmoja mmoja lakini najijua, nikianza kuongea nitalia, na nyinyi mtaanza kuniambia pole shosho, pole shosho, na maneno yenyewe yatabaki hapo. Kwa hivyo naandika, mimi shosho wenu, jirani wa mama yenu. Na naandika wazi kwa sababu mlichofanya Jumamosi kwenye mazishi ya mama yenu mlikifanya wazi, mbele ya kanisa, majirani na spika ambazo zilisikika mpaka kule barabarani Lanet.

Nimeshika programu ya mazishi hapa mkononi. Karatasi nzito, inang'aa, picha yake nzuri akiwa na kitambaa cha kanisa. Ukurasa wa pili mmeandika "Mama wa" halafu majina 3. Nikafungua wa tatu nikitafuta wale wengine, hakuna. Wa nne, picha za safari na harusi, hakuna. Nyuma kabisa, chini ya shukrani kwa wapishi na wenye magari, ndio nikaona mstari mmoja, "na wengine wengi aliowasaidia". Wengine wengi! Watoto 14 waliomuita mama tangu wakiwa na meno ya maziwa wamewekwa pamoja na watu aliowakopesha unga.

Halafu emsii akachukua maiki akasema watoto wa kuzaliwa ndio wapite mbele waweke mchanga. Niligeuka kumtafuta yule msichana wenu wa mwisho. Alikuwa huko nyuma karibu na jikoni, amevaa sweta ya marehemu, ile ya kijani yenye kifungo kimoja kisichofanana na vingine, na ameshika ua lake. Huyu ndiye aliyemgeuza mama yenu kitandani usiku, kila masaa mawili, miaka 2, ndio mgongo usitoke vidonda. Aliweka lile ua wakati magari yameshaondoka na vijana wanakunja tenti. Mimi nilikuwa hapo, nilimuona.

Nilinyamaza siku hiyo kwa heshima ya maiti. Lakini Jumanne nimeambiwa mmeenda kwa chifu kuomba ile barua ya kuanzisha kesi ya urithi, na warithi mmeandika ni 3. Hapo nikasema mdomo wangu sifungi tena.

Sasa wewe kifungua mimba, nianze na wewe kwa sababu nilikushika siku ulipozaliwa. Unakumbuka Januari ya 2008, zile vurugu za baada ya uchaguzi? Ulikuwa na miaka 17. Ile wiki ya mwisho mji wa Nakuru ulivyowaka, Rhonda, Kaptembwa, moshi mnauona, watu wanakimbilia uwanja wa maonyesho na magodoro vichwani. Ndani ya nyumba yenu kulikuwa na Mluhya, Mkikuyu, Mjaluo, Mkalenjin na Mturkana mmoja ambaye hata Kiswahili hakuwa amekijua vizuri. Mama yenu aliwakalisha chini sebuleni, mimi nikiwa hapo maana nyumba yangu niliiogopa, akawafundisha kitu kimoja tu. "Mtu akikuuliza jina, unasema jina lako la ubatizo na jina la babangu." Aliwarudisha mmoja mmoja mpaka mkashika, hata mdogo wa miaka 3. Vile vijana wenye panga walifika kwa geti usiku, ni wewe ulienda na mama yako, na huyo mdogo ulikuwa umembeba mgongoni kwa leso kwa sababu alikataa kushuka. Wakakumulika na tochi, wakauliza huyu ni wa nani. Ukasema, "Ni dada yangu." Wakauliza tena. Ukasema tena. Sauti yako ilikuwa inatetemeka lakini ulisema.

Huyo mdogo wa mgongoni ndiye alisimama jikoni Jumamosi.

Nieleze mwanangu, nimefikiria sijapata jibu. Mbele ya panga ulikubali ni dada yako, mbele ya kalamu ya chifu umemkana kwa sababu ya ekari 2 na nyumba za kupangisha 6?

Najua utaniambia sheria, kwa hivyo nimeuliza sheria, nimekaa na wakili mmoja wa kanisani kwetu akanieleza polepole. Wale 2 ambao mama yenu alienda korti akapewa amri ya kuwaasili, hao wanahesabiwa sawasawa na nyinyi mliotoka tumboni, hakuna mjadala. Wale 4 ambao bado wako shule, aliokuwa anawalipia karo mpaka mwezi aliolazwa, Sheria ya Urithi inawataja, watoto ambao marehemu aliwachukua katika familia yake kama wake na alikuwa anawatunza karibu na kifo chake, wana haki ya kwenda kuomba korti. Hawa wakubwa 8 ambao hawana karatasi na sasa wanajitegemea, hapo ndipo pagumu, hao wako mikononi mwenu. Na kama mlikuwa mmeanza kuchukua kodi ya zile nyumba, acheni. Mali ya marehemu haiguswi kabla korti haijatoa idhini ya usimamizi, hilo ni kosa na mtu anaweza kufungwa.

Na hapa lazima niseme langu. Mama yenu hakuandika wasia. Wiki mbili kabla hajatuacha aliniambia pale wodini, akiwa na nguvu kidogo, "Wagawe sawa, wote." Nikamwambia sawa mama, lala. Tulikuwa wawili peke yetu. Kumbe wasia wa mdomo unakubalika Kenya, mradi wasikie mashahidi 2 au zaidi na mwenyewe afariki ndani ya miezi 3. Nesi alikuwa hatua kumi kutoka pale kitandani. Sikumuita. Hiyo nitaibeba mpaka kaburini kwangu, na ndiyo sababu nyingine siwezi kukaa kimya.

Lakini kuna kitu aliniachia, na hamkijui. Mnakumbuka kila Januari kabla ya shule kufunguliwa alikuwa anawapanga mstari mnakanyaga karatasi ya kaki anachora mguu na kalamu? Mlikuwa mnacheka mkitekenywa. Alikuwa anakata hizo nyayo anabeba kwa mkoba kwenda sokoni kupima viatu vya mitumba, maana hangeweza kwenda na watoto wote kwa matatu. Mlidhani alikuwa anatupa? Alikuwa anaziweka. Nimezihesabu jana usiku mezani hapa. Kila unyayo una jina na mwaka, kuanzia yule wa kwanza aliyemchukua 1992 wakati wa vita vya Molo, mpaka wa juzi. Na kila jina, nyinyi wa tumbo na wale wa kulea, amemalizia na jina la babake. Nyayo za watu 17. Kuna moja ya mtoto wa miaka 2 kidole kimetoka nje ya mstari, alikuwa anacheza, na mama yenu ameandika pembeni "hatulii huyu".

Mimi nilikuwa nasikia maombi yake, nyumba zetu zilitenganishwa na mabati tu. Saa kumi usiku anapiga magoti anaanza kuwataja, na mpangilio wake ulikuwa ni wa kuingia kwenye hiyo nyumba, kwa hivyo wewe kitinda mimba wa kuzaliwa ulikuwa unatajwa wa 9. Halafu anaamka anawasha jiko la makaa, uji wa sufuria kubwa, gorogoro mbili za unga wa ugali kwa siku na bado saa zingine haukutosha, na akisema ameshakula nilijua hajakula. 2003 serikali ilipofuta karo ya msingi alipanga foleni na watoto 6 asubuhi moja, mwalimu akauliza hawa wote ni wako mama, akasema ndio na jina ni moja, andika.

Na nyinyi wa kulea msikae hapo mkitikisa kichwa mkisema shosho amewaambia. Baadhi yenu mmenikasirisha vilevile. Wewe wa Nairobi na wewe wa Kisumu mliweka picha zake kwa stetas siku tano mfululizo, maneno matamu, lakini alipolazwa na kuchangia dawa kulianza nyinyi mlitoka kwenye grupu kimya kimya. Dada yenu alikuwa anauza mandazi ndio anunue pampasi za mtu mzima. Mtoto anajulikana wakati wa mgonjwa. Mkija kudai, njooni pia na aibu yenu.

Mengine nitayasema kwa haraka. Ng'ombe yule mmoja asiuzwe mpaka wale wa shule wamalize muhula. Deni la hospitali ligawanywe kwa 17. Kaburi liwekwe simenti kabla ya mvua. Biblia yake apewe yule msichana.

Na kanisa letu pia, nisiwaonee watoto peke yao. Miaka yote hiyo tulimpigia makofi Sikukuu ya Mama, tukampa leso, halafu nje ya mlango tunamuuliza kwa sauti ya chini, huyu mpya ni kabila gani, mama yake alikufa na nini. Ile miaka ya ukimwi, kabla hata Rais Moi hajatangaza kuwa ni janga la taifa 1999, alileta mtoto kutoka pande za Kisumu ambaye ndugu wa babake waliogopa kumgusa, na kuna akina mama wa ushirika wetu waliacha kunywa chai kwake. Nawajua. Mmoja alikuwa mimi, miezi mitatu. Aliniona nimerudi akanimiminia chai bila neno, na mtoto akiwa ameketi mapajani mwake anakula kutoka sahani yake. Leo serikali ina mpango wa miaka 10, mpaka 2032, kutoa watoto kwenye makao ya yatima wakae kwenye familia. Ni jambo jema kabisa. Lakini watawapeleka kwa familia zipi kama mtoto analelewa miaka 20, anapewa jina, anauguza, halafu siku ya mchanga anaambiwa asimame jikoni?

Nimeshaongea na chifu, hajaweka sahihi. Ametupatia Jumatatu saa tatu asubuhi. Wa mbali nimewaambia mapema ndio mtafute nauli, na asiye nayo anipigie, nina kidogo ya mboga. Mimi nitafika mapema na mkoba wa nyayo, nitazipanga kwa ile meza ya chifu moja moja, kuanzia 1992. Kila mtu atakuja achukue wake. Wewe kifungua mimba nataka uwe wa kuzisoma, na usome majina yote mawili.