Barbara Lee si kura moja tu

Mhariri,

Makala yenu kuhusu Barbara Lee, aliyeiwakilisha Oakland, California, katika Baraza la Wawakilishi la Marekani tangu 1998 hadi Januari 2025, ilijikita karibu yote katika kura yake ya Septemba 2001, alipokuwa peke yake, dhidi ya wenzake 420, kukataa kumpa Rais idhini pana ya kutumia nguvu za kijeshi. Ujasiri huo haupingiki, hasa kwa kuwa idhini hiyo imekuja kutumiwa hadi Somalia, jirani yetu.

Hata hivyo, mliacha jambo linalotugusa kwa karibu zaidi. Lee alishiriki kuandika sheria ya 2003 iliyoanzisha PEPFAR, mpango uliogharimia dawa za kupunguza makali ya VVU nchini Kenya, Uganda na Tanzania, na sheria hiyo ilitiwa saini na George W. Bush, rais yuleyule ambaye Lee alimpinga vikali kuhusu vita vya Iraki. Wanasiasa wa aina hiyo, wasioyumba na bado wanaokubali kuketi na mpinzani, ni nadra (huenda ndiyo sababu hawauzi magazeti). Naomba mchapishe makala ya pili, mkiwahoji wahudumu wa kliniki zetu kuhusu manufaa ya sheria hiyo na hatima ya ufadhili wake.

Msomaji wenu,
Kisumu