Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri yetu: kompyuta 22 zilizobaki zisipakiwe Ijumaa

Ndugu Mkurugenzi,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Hii ni barua yangu ya nne kwako. Tatu za kwanza zilipitia kwa Mkuu wa Shule kama utaratibu unavyotaka, na nina nakala zake zenye mhuri wa masjala. Hakuna hata moja iliyojibiwa. Nisingeandika hadharani kama si lile lori la Jumanne iliyopita.

Lilifika saa nne asubuhi nikiwa na Kidato cha Pili kwenye maabara ya kompyuta. Waliokuja nalo walikuwa na karatasi inayosema kompyuta zote 31 ni chakavu na ziondolewe. Walianza na zilizo karibu na mlango. Mojawapo ilikuwa inawaka, binti ameketi mbele yake anachapa. Akaambiwa anyanyuke, kebo ikachomolewa. Nikamwambia ahamie mashine ya pili yake, aandike jina lake na neno la siri. Akafanya hivyo, na kazi aliyokwisha kuihifadhi ikafunguka palepale, kwenye mashine ambayo hakuwahi kuigusa. Watu wa lori waliyaona hayo. Wakaendelea kupakia. Walichukua 9, lori likajaa kwa sababu lilikuwa na madawati mabovu ya shule nyingine, wakasema Ijumaa wanarudi kumalizia.

Ndugu Mkurugenzi, nakuomba usiwaruhusu warudi.

Najua pa kuanzia hoja ya uchakavu, au nadhani najua. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10, programu endeshi ya kompyuta nyingi, na Windows 11 haikubali kuingia rasmi kwenye mashine zisizo na chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa za miaka ya karibuni. Zetu ni za zamani, nyingi zina RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 2 tu. Aliyekuja kuzikagua alijaribu kuwasha, akaona zinajikokota au diski zimekufa, akaandika chakavu. Kwa kipimo alichokuja nacho hakukosea. Ila hakumuuliza mtu yeyote anayezitumia kila siku, na mimi nilikuwa jengo hilohilo.

Hivi ndivyo tulivyokuwa tunazitumia. Nilitoa diski zote mbovu. Kompyuta inapowashwa haitafuti kitu ndani yake, inauliza kwenye kebo ya mtandao, na seva moja, yaani kompyuta kuu inayohudumia nyingine zote, inaijibu na kuipa kila kinachohitajika. Programu zinaendeshwa kwenye seva. Mashine iliyo mbele ya mtoto inabaki kuwa skrini, kibodi na kipanya. Kazi za watoto zinakaa kwenye seva, ndiyo maana yule binti hakupoteza alichokwisha kukihifadhi. Virusi vya kwenye flashi, vilivyotusumbua mwaka mzima wa 2023, sijaviona tena. Nikisasisha programu mara moja kwenye seva, nimesasisha maabara nzima. Na kwa programu ya Epoptes ninaona skrini zote kutoka mezani kwangu, namjua aliyekwama kabla hajanyoosha mkono.

Sikubuni mimi. Mfumo huu unaitwa LTSP, ulianzishwa Marekani mwaka 1999 na Jim McQuillan, ni programu huria na leseni yake hainunuliwi. Afrika Kusini, taasisi ya Shuttleworth iliutumia kuweka maabara katika shule za Rasi ya Magharibi, kwa seva moja na mashine za mitumba. Na kwa kuwa wewe ni mtendaji wa halmashauri, nikupe mfano wa halmashauri: mji wa Largo, Florida, uliwaweka mamia ya watumishi wake kwenye Linux, programu endeshi huria, inayoendeshwa na seva chache, mezani wakabaki na vifaa vidogo visivyo na diski. Hapa kwetu, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutafsiri OpenOffice, programu huria ya kuandika na kupanga majedwali, kwa Kiswahili, ikatoka mwaka 2004 kwa jina la Jambo OpenOffice. Mwaka huo hawa watoto walikuwa bado hawajazaliwa.

Seva yetu ni laptopu yangu binafsi. Nieleze hili vizuri kwa sababu ofisini kwako niliambiwa kwamba "mwalimu anataka mradi". Mimi ni mwalimu wa kujitolea tangu 2021. Wazazi wananichangia shilingi 150,000 kwa mwezi, na kuna miezi haifiki. Laptopu hiyo yenye RAM ya GB 16 niliinunua kwa kuuza pikipiki niliyokuwa naendea shuleni, sasa natembea dakika hamsini kwenda na hamsini kurudi. Swichi, kifaa cha kuunganisha kebo za mtandao, nimeazima kwa rafiki mwenye steshenari. Programu nilizipakua usiku kwa bando langu. Kwa vifaa hivyo nimeweza kuwasha mashine 11 kwa pamoja, na sasa 6 kati ya hizo ziko kwenye lori. Kabla ya hapo nilikuwa nachora kibodi ubaoni kwa chaki, watoto 54 wanabonyeza hewa.

Sasa fedha. Nimeonyeshwa nukuu ya bei ya kompyuta mpya 15, kila moja shilingi 1,850,000. Jumla ni 27,750,000. Mimi nimezunguka maduka na kupiga simu, bei zangu ni hizi: seva ya mtumba yenye RAM ya GB 32 ni 4,200,000, swichi ya matundu 48 ni 900,000, kebo na vichwa vyake 400,000, UPS ya seva (betri ya kuishikilia umeme ukikatika) 650,000, diski ya pili ya kunakili kila kitu 350,000. Jumla 6,500,000. Nimepima: mtoto mmoja anayechapa na kupiga hesabu kwenye jedwali anatumia chini ya MB 600 za RAM ya seva, kwa hiyo mashine 31 zinaenea na nafasi inabaki.

Zinabaki milioni 21 na robo, Ndugu Mkurugenzi. Tena kwa kompyuta mpya 15 watoto watakaa karibu wanne kwa mashine. Kwa hizi 31 hawafiki wawili.

Sitakuficha udhaifu wake. Seva ikizima, maabara yote imezima, ndiyo maana kwenye bei zangu nimeweka UPS na diski ya pili. Mashine kuukuu zinakula umeme uleule, kwa hiyo kwenye LUKU hatutaona nafuu mwanzoni. Nafuu itakuja zikifa moja moja na nafasi zake zikachukuliwa na kompyuta ndogo sana kama Raspberry Pi, ambavyo havifiki wati 15. Na lazima awepo mtu anayejua kuutunza. Nipo mimi, na walimu wawili wa hesabu nimekwisha kuwafundisha. Wanaosema watoto wataikuta Windows kazini, wanasema kweli. Mtoto aliyejifunza kupanga jedwali kwenye LibreOffice, mrithi wa OpenOffice, atalipanga na kwingine. Aliyejifunza ubaoni kwa chaki hatalipanga popote.

Oktoba 2024 ulikuwa mgeni rasmi kwenye mahafali yetu. Nilikuwa nimeshika waya wa spika, hatua tatu kutoka kwako. Ulisema, "Kabla ya Juni maabara hii itafanya kazi." Wazazi walipiga vigelegele, mama mmoja akakutunza kitenge. Juni 2025 ilipita. Maabara ilifanya kazi, lakini kwa laptopu yangu, na Jumanne imebebwa nusu.

Labda taarifa hazikukufikia. Labda zabuni ilikwisha kuandaliwa na hakuna aliyetaka kuirudisha nyuma. Labda orodha ya mali chakavu ilihitaji kujazwa kabla ya ukaguzi. Sijui, na sitamtuhumu mtu. Seva inaweza kusubiri bajeti ijayo, nitaendelea na laptopu. Hata hizo mpya 15 sizikatai. Ninachoomba ni hizi 22 zibaki zilipo, na zile 9 zirudishwe kabla hazijauzwa kwa kilo.

Ijumaa nitakuwa mlangoni mwa maabara kuanzia saa moja asubuhi. Sitamzuia mtu kwa mikono. Nitaziwasha zote zitakazoweza kuwaka, na watoto watakuwa wameketi mbele yake. Njoo wewe mwenyewe, Ndugu Mkurugenzi, kabla lori halijafika.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa kujitolea, somo la kompyuta

Nakala: Mwenyekiti wa Bodi ya Shule, wazazi wa Kidato cha Pili