KUH: MIZINGA YETU YA NYUKI ILIYOANGUKA KUTOKA KWENYE MALORI YENU

Kikundi cha Wafugaji Nyuki,
Konde, Pemba.

Ndugu Meneja,

Assalamu alaikum.

Tumepokea barua yenu ya kutulipa bei ya mbao na mabati ya mizinga 23. Hatuikubali. Kilichopotea barabarani si mbao.

Nilipokuja ofisini kwenu nilieleza mwenyewe kwa nini mzigo huu lazima usafiri usiku, baada ya Isha. Saa hizo nyuki wote wamesharudi mzingani. Tena wakifungiwa hutoa joto kali, na jua likiwakuta humo masega hulainika yakaporomoka, nao wakafa. Mkakubali. Magharibi tukaziba milango ya mizinga 40 kwa wavu, tukapakia. Malori yenu mawili yakapita Wete kuongeza magunia ya mchele, yakalala huko, yakaondoka kwenda Chake Chake kumeshapambazuka. Hatukupigiwa simu. Tungelijua, tungelikwenda usiku ule ule kuishusha.

Kwenye mteremko lori la mbele lilishika breki, la nyuma likaligonga. Ajali hutokea, na dereva wenu aliyeumia mkono tunamuombea afueni. Lakini mizinga ilifungwa kwa kamba moja iliyochakaa, si ile mikanda mliyotuonesha, ikamwagika barabarani watoto wakienda skuli.

Kinachotuuma zaidi ni kilichofuata. Aliyetuarifu ni sheha, saa 3. Msimamizi wenu alikuwa ameshaagiza mizinga imwagiwe mafuta ya taa na kutiwa moto. Nyuki akiuma huacha harufu kama ya ndizi mbivu, nayo huwaita wenzake. Watu walipowapiga kwa makuti, hasira ikazidi, na bibi mmoja muuza mihogo akaumwa mpaka akalazwa. Moshi wa makumbi ungetosha: hufunika harufu ile, na nyuki hurudi ndani kushiba asali. Agosti 2023 huko Burlington, Kanada, mizinga ilianguka kutoka kwenye gari na nyuki wapatao milioni 5 wakatawanyika. Polisi waliwaambia madereva wafunge vioo, wakawaita wafugaji, na wengi wa nyuki wale wakarejeshwa mizingani. Sisi tulikuwa Konde, simu mkononi.

Tulipofika tulikuta kundi moja limening'inia kwenye tawi la mkarafuu, limemzunguka malkia wake. Tulingoja giza tukalipokea kwenye mzinga. Hivyo hivyo tuliokoa makundi 9. Mengine 14 yaliungua, na katika mizinga 17 iliyobaki juu ya malori, minne nyuki walikuwa wameshakufa kwa joto.

Kundi halinunuliwi dukani. Tunapaka nta kwenye mzinga mtupu, tunautundika na kungojea, pengine miezi. Kwa hiyo tunadai fidia ya makundi 18 na ya asali ya msimu huu wa mikoko tuliyokuwa tunaifuata upande wa Mkoani, pamoja na gharama zote za matibabu ya yule bibi. Tunataka jibu la maandishi ndani ya siku 14; likikosekana, tutakwenda mahakamani, na sheha ameshakubali kutoa ushahidi.

Mabaki ya mizinga bado yamo uani kwenu, na masega yake yana asali. Yakiendelea kukaa wazi yatavuta nyuki wa jirani. Tafadhali muagizeni mlinzi atufungulie geti Alhamisi baada ya Isha, tuje kuyachukua.

Katibu wa Kikundi