Barua iliyo ndani ya helmeti yako

Mombasa, Ijumaa usiku

Mwanangu mpenzi,

Najua ni kichekesho kumwandikia barua mtu ambaye tunatenganishwa na ukuta mmoja. Lakini tangu Jumamosi iliyopita unanijibu "ndiyo mama" na "hapana mama", basi, kama vile nimekuja kupanga chumba hapa. Nyanyako ndiye aliyenifumbulia: "Umemfedhehesha mtoto mbele ya wenziwe." Huenda ni kweli. Kusimama pale barabara ya Mama Ngina alfajiri, watoto wamejipanga na baisikeli zao, mimi na buibui langu namhoji kocha wa klabu yenu ya baisikeli kama askari wa trafiki aliyesimamisha matatu, si jambo la kumfurahisha msichana wa miaka 13. Kwa kukutia aibu, nisamehe. Ningemwita pembeni. Kwa maswali yenyewe siombi radhi.

Nalijua swali lililokuchoma. "Mtoto ambaye mzazi wake amechelewa kumchukua, hubaki na nani?" Nikakusikia ukinong'ona "Mama!" kwa sauti ya mtu anayezama. Kocha mwenyewe hakukasirika. Alinyamaza kidogo, akasema wazi kwamba hajawahi kuliwekea jambo hilo utaratibu, akamwita yule dada anayemsaidia, na palepale wakakubaliana kuwa wote wawili hawaondoki mpaka mtoto wa mwisho awe ameondoka. Nilimpenda kwa hilo. Angepandwa na hasira, ningekubeba siku ileile, wewe na baisikeli yako, kwa tuktuk ya kwanza.

Sasa nikwambie swali hilo nilitoka nalo wapi. Babako mwenyewe hajui yote.

Nilipokuwa darasa la saba nilikuwa nakimbia. Usicheke. Mita mia nane, na nilikuwa na pumzi. Mwalimu wetu wa michezo, sitalitaja jina lake wala la shule, alikuwa na pikapu, na jioni baada ya mazoezi alikuwa akituzungusha majumbani. Wazazi walimshukuru sana, maana giza lilikuwa likiingia. Rafiki yangu, tuliyekaa naye dawati moja, kila siku ndiye aliyekuwa wa mwisho kushushwa, na kwao ndiko kulikokuwa karibu kuliko kwetu sote. Tulikuwa tunaupita mlango wao, mamake anapika viazi karai barazani, sisi tunapunga mkono, gari linaendelea. Siku moja nikauliza, "Mwalimu, mbona tumempita?" Akacheka. Wiki iliyofuata akaniletea viatu vya mbio, vipya, vyenye meno chini, mimi peke yangu. Sikuuliza tena. Mwenzangu aliacha mbio muhula huohuo, kisha akaacha shule, na watu wazima wakasema keshavunja ungo huyo, ana mambo yake.

Utaniambia aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Lakini mimi sikuumwa, mwanangu. Mimi nilipewa viatu.

Kwa hiyo mtu mzima yeyote wa klabu akikupa kitu, glavu, jezi, vocha ya simu, hata kama ni kidogo, nikione kabla hujakitumia. Si kwamba kila mwenye kutoa ana lake. Wengi wana moyo tu. Lakini mwenye moyo hatajali mimi kujua, na atakayekwambia "usimwambie mamako, wenzio wataona wivu" atakuwa amejitambulisha mwenyewe. Ujumbe wa mazoezi uje kwenye grupu la wazazi. Ukija kwako peke yako usiku, hata ukiwa wa kukusifu mbio zako, nionyeshe, na sitakunyang'anya simu kwa kunionyesha. Hilo nakuahidi kwa maandishi, unaweza kuja kunidai.

Kuhusu mwili wako: urefu wa kiti hauhitaji mtu akushike kiuno. Weka kisigino juu ya pedali ikiwa chini kabisa. Mguu ukinyooka bila nyonga kuinama upande, kiti kiko sawa. Babu yako alinifundisha hivyo nikiwa mdogo kuliko wewe. Kocha akitaka kukuonyesha namna ya kukunja mgongo, apande yake akuonyeshe, nawe utazame. Na akianza kuwapima uzito wasichana mbele ya watu, au kukwambia uache mahamri ili upande vilima kwa wepesi, niite. Mtoto anayekua na anayeendesha baisikeli anahitaji kula zaidi. Ukiona hedhi imekatika kwa ajili ya mazoezi, hiyo si sifa, tutakwenda hospitali.

Nilimwomba pia kocha cheti cha tabia njema cha polisi, ukaona jinsi ulivyoinamisha kichwa. Anacho, na amenionyesha. Ila nisikudanganye: karatasi hiyo inasema mtu hana rekodi ya jinai, haisemi zaidi. Mwalimu wangu wa pikapu angeipata bila taabu yoyote. Macho ya watu wengi yananipa usingizi kuliko mhuri. Ndiyo maana nataka wazazi tuje kwa zamu, na watoto wote mjue namba 116, simu ya msaada kwa watoto, hailipishwi. Iandike moyoni, si kwenye simu, maana simu huibwa. Na wale dada wa miaka 16 mnaowaona watu wazima, waambie kwa sheria ya Kenya nao ni watoto mpaka watimize 18.

Sasa barabara, ambayo kusema kweli inaninyima raha zaidi kuliko hayo yote.

Unataka kwenda Mtwapa na wakubwa. Babu yako alikuwa fundi wa baisikeli Mwembe Tayari, na alikuwa na neno lake kuhusu njia hiyo msimu huu wa upepo wa kusi: "Kwenda unabebwa, kurudi unalipa." Kusi inakupiga mgongoni mpaka Mtwapa, unajiona bingwa, giya ya juu, hata jasho huna. Ukigeuza tu, ndiyo hiyo usoni, na jua limeshapanda, na chupa imeshakwisha. Watoto huanguka wakati wa kurudi. Mguu umechoka, kichwa kimeinama, macho hayaoni tena mchanga uliomwagika kandokando ya lami. Kwa hiyo ukienda, ugeuze ukiwa bado na nguvu za kupoteza, na nyuma yenu nyote awepo mtu mzima anayekwenda mwendo wa yule aliye mdogo. Hilo nalo nililiuliza. Jibu lake halikunitosha, ndiyo sababu bado unazunguka Mama Ngina na barabara za ndani. Nuna utakavyo.

Matatu ikisimama, usipite kati yake na ukingo wa barabara, hapo ndipo makanga huruka na abiria hushuka. Na lori la kontena usilipite kwa kushoto kamwe, hata likiwa limesimama. Likikata kona kushoto, dereva hakuoni, na tairi zake za nyuma hukata kona kwa ndani kuliko za mbele. Babu alikuwa akiletewa baisikeli zilizopita chini ya tairi hizo. Alikuwa anazipokea, anaziweka nyuma ya duka, hatwambii kitu.

Helmeti hii ni mpya. Ile ya mtumba ya Kongowea nimeitupa; niliichungulia ndani nikakuta ufa, na povu la ndani hupondeka mara moja tu, likishapokea pigo halikufai tena. Ivae ishuke mpaka vidole viwili juu ya nyusi, si kisogoni kama kofia ya bwana harusi. Ndani vaa ile kofia ya kitambaa niliyokushonea, bila pini hata moja. Nilimwona binti mmoja pale ana pini tatu chini ya helmeti, akianguka zitaingia wapi? Mwambie, kwa upole, usimtie aibu kama mamako.

Shangazi zako wameshanipigia simu kuhusu msichana kupanda baisikeli mjini. Hayo niachie mimi. Septemba ya 2025, mashindano ya dunia ya baisikeli za barabarani yalipofika Afrika kwa mara ya kwanza, pale Kigali, nilikuona ulivyokaa ukitazama wale wasichana wakipanda vilima, chai imepoa mkononi. Na ukutani umembandika Biniam Girmay wa Eritrea na jezi yake ya kijani ya Tour de France ya 2024. Nakupangusia vumbi picha hiyo kila Ijumaa, hukujua.

Cheni nimeipaka mafuta, na breki ya nyuma nimeikaza, ilikuwa inagusa usukani kabla ya kushika. Tyubu ya akiba iko kwenye mfuko mdogo chini ya kiti. Viazi vitamu na ndizi mbili viko mezani, chini ya kawa.

Kesho tutatoka saa kumi na moja na nusu. Nitakaa mbali, pale kwa muuza madafu, sitamwuliza mtu kitu mbele ya wenzio. Ila nimesikia kuna safari ya mashindano Nairobi mwezi wa nane, na nataka kujua mtalala wapi, na nani ana ufunguo. Hilo nitamwita pembeni.

Mimi mamako.